Kuhangaika na Mgonjwa Siyo Kumuuguza

Kwenye misiba ya Nyasubi, na ya Kahama nzima, kuna kipande cha wasifu wa marehemu ambacho kila mtu hukitegea sikio. Siyo pale panapotajwa alikozaliwa, wala shule alizosoma. Ni pale msomaji anapofika kwenye ugonjwa: alianza kusumbuliwa mwezi wa tatu, akapelekwa zahanati, kisha hospitali ya hapa mjini, akapewa rufaa ya Shinyanga, kutoka hapo Bugando jijini Mwanza, baadaye Dar es Salaam, hadi umauti ulipomfika. Waombolezaji hutikisa vichwa. Kila hospitali inayotajwa ni ushahidi kwamba familia haikulala. Ukipita chini ya turubai utawasikia wakisema, "Wamehangaika naye jamani, hakuna ambacho hawakumfanyia." Katika mji huu sidhani kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo wafiwa wanaweza kupewa.

Mimi napingana na sifa hiyo. Siwapingi waliohangaika, maana najua walichokitoa na kilichowatoka. Napinga imani inayowasukuma. Imani yenyewe ni hii: anayempenda mgonjwa wake humpeleka mbali, na kadiri anavyompeleka mbali zaidi ndivyo alivyompenda zaidi. Anayekubali kumuuguza nyumbani amemtupa. Tena mgonjwa mwenyewe asiambiwe ana nini, kwa sababu akijua atakata tamaa na kufa kabla ya siku zake. Nia ya imani hii ni njema, lakini matunda yake ni machungu. Inawatesa wagonjwa, inafilisi kaya, inawaacha wajane bila nyumba, na katika ukanda wetu wa Shinyanga na Geita kimya chake kimesaidia hata kumwaga damu. Nitaeleza.

Tuanze na kikao cha ukoo, maana uamuzi hufanyika pale, siyo wodini. Baba mkubwa yuko kwenye kiti cha plastiki, wajomba kwenye benchi, vijana wamesimama chini ya mwembe na simu mkononi. Swali ni moja tu: fedha ya kwenda Dar itapatikana wapi? Mmoja anatoa ng'ombe wawili. Mwingine atauza magunia ya mpunga ingawa bei bado haijapanda. Kijana aliyeko machimboni Kakola anatuma kwa simu. Kundi la WhatsApp limeshafunguliwa na mweka hazina ameshapatikana. Nilikuwepo kwenye kikao kimoja cha namna hiyo ambapo binti wa mgonjwa, aliyekuwa akimlisha na kumwogesha mama yake kwa miezi mingi, aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba mkubwa, kwani mama mwenyewe ameulizwa?" Akajibiwa, "Mwanangu, usimtafutie mama yako kifo." Mazungumzo yakarudi kwenye ng'ombe.

Katika kikao kile ni binti peke yake aliyeuliza jambo la maana. Wengine wote walishakubaliana kwamba safari ni tiba. Hakuna aliyeuliza ugonjwa umefika wapi. Hakuna aliyetaka kujua matibabu ya huko yanalenga nini: kuuondoa ugonjwa, kumwongezea muda, au kumpunguzia maumivu. Hakuna aliyeuliza yatachukua muda gani, mgonjwa atalala wapi akiwa anasubiri zamu, nani ataacha shamba au genge lake kwenda kumhudumia, na itakuwaje kama hawatakwenda. Kutoka Kahama hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,000. Mtu mwenye uvimbe uliokwisha kufika kwenye mifupa anawekwa kwenye kiti cha basi, anapita Nzega, Singida na Dodoma akiuma kona ya khanga ili abiria wengine wasimsikie. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini upendo wetu hauondoi hata chembe ya maumivu yale.

Ipo huduma ambayo kikao kile hakikuitaja hata mara moja. Madaktari huiita tiba shufaa. Ni uangalizi wa mtu mwenye ugonjwa mzito unaoshughulikia maumivu, pumzi, kichefuchefu, vidonda, usingizi, hofu na maswali ya kiroho, na unaoihesabu familia inayouguza kuwa nayo inahitaji kuhudumiwa. Tanzania siyo mgeni wa huduma hii. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imeitoa kwa miaka mingi, na hospitali ya Kilutheri ya Selian pale Arusha ilianzisha mpango wake 1999, ikiwafuata wagonjwa hadi majumbani. Lakini kwa wengi waliolisikia jina hilo, maana yake ni moja: madaktari wameshindwa, nendeni mkasubiri. Ndiyo maana ndugu akiambiwa mgonjwa wake aonwe na watu wa shufaa, anachukua faili lake na kutafuta hospitali nyingine.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipo, na lina jibu lililopimwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza tangu 2002 kwamba huduma hii ianze mapema, ikienda sambamba na matibabu mengine, siyo baada ya matibabu kuisha. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti kwa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Nusu walipewa matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu nyingine walipewa matibabu hayo hayo, ila wakawa wanaonana na timu ya tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili lilikuwa na nafuu zaidi na huzuni pungufu, na wachache kati yao walikimbizwa kwenye matibabu makali siku za mwisho. Pamoja na hayo waliishi muda mrefu zaidi: miezi 11.6 kwa wastani, wenzao miezi 8.9. Anayesema shufaa ni kukata tamaa ana deni la kutueleza ilikuwaje "waliokatiwa tamaa" wakaishi zaidi.

Hata hivyo mtu asiyachukue maneno yangu akamfungia mgonjwa ndani. Yapo magonjwa yanayotisha ambayo yanatibika kabisa. Mtoto anayevimba taya kwa saratani ya Burkitt, ambayo inajulikana sana Kanda ya Ziwa, akiwahishwa dawa anaweza kupona, na kila wiki anayocheleweshwa kwa mganga ni wiki anayoibiwa. Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema inatibika. Hata ugonjwa usioponyeka waweza kuwa na safari yenye faida: mtu mwenye maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani mara nyingi hupata nafuu kwa mionzi ya mara moja tu, na hiyo haihitaji kwenda pwani, kwa kuwa Bugando ina mionzi. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea wagonjwa wa Geita foleni ya kivuko. Basi waende! Ila waende wakijua wanafuata nini, na wakirudi warudi kwenye mikono inayojua kuuguza. Ninachokipinga ni safari inayofanywa ili ije isomwe kwenye wasifu.

Na tuliyemwacha nyumbani, anahitaji nini? Ingia kwenye chumba cha mwanamke mwenye saratani ya titi iliyopasuka. Kabla hujamwona, harufu imeshakupokea. Wageni wanaishia mlangoni. Wajukuu wameacha kuingia. Yeye mwenyewe amejifunika khanga mbili na joto lote hili, na akisikia hodi anageukia ukutani. Familia inaamini harufu ile ndiyo ugonjwa wenyewe, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kuchoma ubani. Siyo kweli. Harufu inatoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Muuguzi wa shufaa atasafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, atasaga vidonge vya Flagyl, vile vile vinavyouzwa kila duka la dawa, atanyunyiza unga wake juu ya kidonda na kukifunga, kisha atamfundisha binti wa nyumbani namna ya kurudia. Katika siku chache harufu hupungua sana. Wajukuu wanaingia tena. Hakuna mtambo uliotumika hapo wala rufaa. Kimetumika kidonge na mtu anayejua.

Maumivu nayo yana utaratibu wake, unaofahamika duniani tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa ngazi yake ya dawa 1986: unaanza na panadol na wenzake, unapanda, na maumivu yakiwa makali unafika kwenye mofini. Mofini inayofaa nyumbani siyo sindano. Ni ya maji, inanywewa kila baada ya saa nne, na dozi ya kulala huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Inaanza kidogo na kupandishwa kadiri maumivu yanavyodai. Inafunga choo karibu kwa kila anayeitumia, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa siku hiyo hiyo, bila kungoja alalamike. Yote haya yanaweza kuandikwa kwenye kipande cha boksi na kubandikwa juu ya kitanda.

Ukitaja mofini, ndugu wanashtuka: atakuwa teja! Nimelisikia hili hata kwa watu wa afya. Mgonjwa anayepewa mofini kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu ya kweli, hageuki mwizi wa vioo vya magari. Anachofanya ni kulala, kuamka, kuomba uji na kuuliza habari za mvua. Wapo pia wanaosema mofini inaua. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Kinachomchosha mtu na kumnyima chakula na usingizi hadi kumzima ni maumivu yaliyoachwa yamtafune. Woga huu una bei kubwa. Jopo la jarida la Lancet lilipochapisha hesabu zake 2017, lilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zote kwa pamoja zilipata tani 0.1. Sisi ndio tunaougua tukiwa tumekunja ngumi. Sehemu ya lawama ni ya mfumo wa dunia, lakini nyingine ni yetu tunaodhani kuvumilia maumivu ni ujasiri na kuyatuliza ni anasa.

Halafu tusidhani habari hii ni ya saratani peke yake. Nenda ukanda wa machimbo, kuanzia Kakola hadi Geita, ukawaangalie wanaume waliotumia ujana wao ndani ya maduara, yaani mashimo ya machimbo, na kwenye makarasha, wakisaga mawe makavu huku vumbi likiwapakaa hadi kope. Wapo wanaokohoa wakiwa na miaka 35 na hawawezi kupanda mlima mdogo. Kifua kikuu huwaandama sana watu hawa, na kinatibika, lazima wapimwe. Lakini silikosisi, yaani makovu ambayo vumbi la mawe huyaacha kwenye mapafu, haina dawa ya kuyaondoa. Mtu wa namna hii anaweza kuzungushwa kwa miaka akitafutiwa dawa ya kuponya, asikutane na mtu hata mmoja wa kumfundisha namna ya kukaa akiegemea mbele anapobanwa, kumpa dozi ndogo ya mofini pumzi inapokuwa mateso, wala kuzungumza naye juu ya watoto wake. Mwenye moyo uliochoka yumo humo, mwenye figo zilizoshindwa yumo, mtoto mwenye selimundu anayelia viungo usiku naye yumo. Wote hawa wana haki ya kutulizwa leo, hata kama kesho watapelekwa Mwanza.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu hunikatalia kwa ukali zaidi, kwamba mgonjwa asiambiwe.

Wanaosema hivyo wana hoja moja yenye nguvu: maneno huua. Mtu akiambiwa ana saratani hukunja miguu akalala. Nakubali kwamba yako maneno yanayoua, hasa yanaposemwa korido, na mtu aliyesimama mguu mmoja nje, bila kiti wala muda. Huko ni kusema vibaya, nami sitetei kusema kwa namna hiyo. Lakini angalieni kinachotokea mgonjwa asipoambiwa. Anajua. Anajua kwa namna shemeji zake walivyoanza kuja kutoka mbali. Anajua kwa suruali isiyokaa kiunoni na kwa mazungumzo yanayokatika akiingia. Anajua, na hana wa kuzungumza naye, kwa sababu nyumba nzima inaigiza. Yeye naye anaigiza ili asiwaumize. Watu wanaopendana wanamaliza miezi yao ya mwisho wakifichana.

Wapo wanaoniambia kwamba kumweleza mtu kifo ni kumwekea Mungu mipaka. Biblia wanayoishika ina habari ya Hezekia, mfalme aliyeambiwa waziwazi na nabii Isaya kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa kufa. Hakufichwa. Ni baada ya kuambiwa ndipo aligeukia ukutani akaomba, akaongezewa miaka 15. Waislamu nao wanajua uzito wa wosia kwa mtu anayeugua. Sioni dini inayowaamuru watu wafe bila kujua. Ninachokiona ni ndugu wanaoogopa machozi yao wenyewe, wakasema wanamlinda mgonjwa.

Asiyejua kwamba anakufa haandiki wosia. Katika mkoa wetu huu hilo ni suala la paa juu ya kichwa. Amri ya Sheria za Mila ya 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, inamweka mjane na binti nyuma kabisa kwenye mirathi. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao, walifika Mahakama Kuu, na hata ilipokiri 2006 kwamba mila zile ni za kibaguzi haikuzifuta. Shauri lao lilikwenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zilivunjwa. Fikiria safari hiyo yote. Mume aliyepewa muda wa kujua hali yake angeweza kuita mashahidi, akaandika kiwanja cha Nyasubi kiende kwa nani, akakabidhi karatasi kwa RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia. Baba mkubwa anayesema "asiambiwe" huenda hana tamaa yoyote, ila kimya chake kinawanufaisha wenye tamaa.

Na kuna damu niliyoitaja mwanzoni. Wote tunaijua aibu ya kanda hii: vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa madai ya uchawi, wengi wakiponzwa na macho mekundu ambayo ni ya moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Tuhuma hizo mara nyingi huanza pale kijana mwenye nguvu anapodhoofika na kufa, na hakuna aliyewaeleza ndugu ni kwa nini. Daktari ameandika kwenye faili kwa Kiingereza, ndugu wakubwa wameambiwa nusu, wadogo hawajaambiwa kitu. Saratani ya ini iliyotokana na homa ya ini B inakwenda mbio, mtu anamalizika ndani ya miezi. Nafasi ya maelezo ikiachwa wazi, mganga wa ramli ataijaza, naye hujibu kwa kumtaja mtu. Sisemi kwamba kila mauaji yalianzia hapo, maana mashamba na mirathi navyo vimo. Ila nasema familia iliyoketi na muuguzi, ikaonyeshwa ini liko wapi na kwa nini tumbo linajaa maji, imepunguziwa sababu ya kwenda kuuliza nani kamroga.

Pengo hilo hilo ndilo lililowapeleka maelfu Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Wako waliotolewa wodini wakiwa na drip, na wako waliofia njiani na kwenye foleni. Wasomi waliwacheka. Mimi siwezi kuwacheka watu ambao hospitali zilikuwa zimewaambia neno moja tu, kwamba hakuna la kufanya. Daktari hapaswi kulitamka neno hilo. La kuponya linaweza lisiwepo. La kufanya lipo hadi dakika ya mwisho.

Nimebakiza pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote. Linasema hivi: wewe unapiga debe la kuuguzia nyumbani, kesho serikali itasema vizuri, wagonjwa wabaki kwao, vitanda tunavyo vichache. Mzigo utaangukia wanawake. Nani anayegeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo? Nani anayefua mashuka? Ni mke, ni binti aliyeachishwa shule, ni mkwe. Wanaume wa kikao cha ukoo watatoa ng'ombe na kuondoka.

Ni kweli tupu. Kumrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa, bila muuguzi wa kumfuata, bila namba ya simu ya kupiga saa nane usiku ni kumtelekeza, hata ukikuita shufaa. Ila pingamizi hili halitetei safari za Dar. Linataka huduma ifike nyumbani kweli, na hilo limewezekana jirani tu. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda 1993, wakati nchi ile imetoka kwenye vita na UKIMWI unachinja. Mofini ilinunuliwa ikiwa unga, ikachanganywa na maji na kugawiwa kwa bei ndogo. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kwa sababu waliona kwamba ukingoja daktari, mwanakijiji atakufa akilia. Kule Kerala, India, majirani walianza kuchangia fedha kidogo kidogo na kujifunza kuuguza, hadi huduma ikaenea jimboni kote. Sehemu hizo mbili hazikungoja utajiri kwanza.

Kwetu vitu vya kuanzia vipo. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuandaa zaidi ya wahudumu 137,000 nchi nzima. Hao ni watu wa mtaani, wanaojua nyumba gani ina mgonjwa. Wafundishwe kutambua maumivu, kugeuza mgonjwa, kusafisha kinywa kilichokauka na kumwita muuguzi. Wenye umri wangu wanawakumbuka wahudumu wa majumbani waliokuwa wakizunguka na baiskeli na begi la dawa enzi dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijafika. Njia tulishawahi kuijua.

Na kuna vikundi vyetu vya kufa na kuzikana. Hakuna mtaa wa Nyasubi usio na kikundi chenye katiba, daftari, sufuria kubwa, turubai na faini kwa asiyehudhuria. Mtu akifa, fedha inatoka siku hiyo hiyo. Mtu huyo huyo alipokuwa akiugua miezi minane, kikundi hicho hicho kilimtembelea na sukari kilo mbili. Nawaambia akina mama wenyeviti wa vikundi hivi, mkiketi kurekebisha katiba: wekeni kifungu cha mwanachama anayeugua muda mrefu. Kiwe cha zamu ya kumpumzisha anayeuguza, hata mchana mmoja kwa wiki, alale au aende sokoni. Kiwe na fungu la mashuka, sabuni na nauli ya muuguzi. Kwenye zamu hiyo wawekwe na wanaume, kwa majina, na faini iwe ile ile ya kutohudhuria mazishi.

Kwa madiwani nina dai moja. Halmashauri za ukanda huu hupokea ushuru wa huduma unaotokana na mapato ya migodi, na sheria tangu 2017 inaitaka migodi ikubaliane nazo mpango wa kila mwaka wa kuchangia jamii. Tumezoea kuiona fedha hiyo kwenye madarasa, madawati na majengo ya zahanati, yenye kibao na jina la mgeni rasmi. Wauguzi wawili waliofundishwa tiba shufaa, pikipiki moja, mafuta yake, na mofini ya maji isiyokatika kwenye kabati la hospitali havina jiwe la msingi la kufunua. Ndiyo sababu lazima mtu asimame na kuvidai kwa jina kabla bajeti haijafungwa, na mtu huyo awe diwani tuliyempa kura, akiulizwa na mabinti wanaouguza mama zao sasa hivi kwenye mitaa yake.